Mwaka Ambao Ipililo Haikutoa Vijana

Dodoma
8 Juni 2024

Kwako Sengi Wilhelmina,

Mwangaluka, Sengi. Naandika asubuhi kabla ya misa, kwa hiyo salamu ni ya asubuhi hata kama utaifungua jua likizama. Sisi huku ni wazima. Jenifer amerudi kazini baada ya kuuguza mgongo, na Precious amechaguliwa kuingia kidato cha tano. Anataka sayansi. Nimemwambia ukaidi huo ameutoa kwako, shangazi wa baba yake. Veronica ameniambia kwamba miguu yako imevimba tena na kwamba unamfokea akipunguza chumvi kwenye mboga. Sengi, wewe uliyefundisha biolojia chuoni mpaka wanafunzi wako nao wakastaafu, leo unagombana na mjukuu kwa sababu ya chumvi?

Najua simu na masikio yako havielewani tena, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Dereva wa basi ameahidi kuiacha kwa wakala hapo Bariadi.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Ni timu. Mashabiki wa Nzagamba hawana usingizi, na mimi mwenyekiti wao ndiye wanayemuuliza. Mwaka jana miezi kama hii, kaya tisa zilikuwa zimeshakubali vijana wao waje hapo Bariadi kusoma ualimu na kuichezea timu ya chuo. Mwaka huu tumepata mmoja tu, kipa kutoka Binza, na Maganga wa tawi la Shinyanga anasema kipa huyo akipiga mpira wa goli, upepo kidogo tu unamrudishia mwenyewe. Kundi letu la wasap limekuwa kama soko la mnadani. Huyu anasema kocha Marcelo amelala. Yule anasema wapinzani wetu wamepita kwa wazazi kabla yetu. Mwingine anataka tuchange tukatafute wachezaji Mwanza, Maganga anamjibu, "Wewe ada ya mwanao hujamaliza, utamlisha mshambuliaji?"

Wote tunamtaka Sayi, yule beki wa Ipililo. Nimemwona akicheza mara mbili na sijaona mshambuliaji aliyempita. Lakini Marcelo hata akifika kwao na gari la chuo, haitasaidia. Wazazi wa kule hawamkabidhi kijana kwa kocha, wanamkabidhi kwako. Mlezi wa timu ni wewe. Wewe ndiye unayekaa uani kwao mbele ya majirani na kusema, "Nimempokea." Ukishasema hivyo, hata mwenye ng'ombe mia anamwachia mchungaji wake aende chuo.

Nilidhani baada ya lile tukio la Aprili mioyo ya watu imeshatulia. Nakuomba, miguu ikipata nafuu, uwazungukie hata kaya chache. Dirisha la usajili linafungwa tarehe 31 Oktoba.

Mwanao,
Constantine


Bariadi
3 Julai 2024

Mwanangu Constantine,

Barua yako ilikaa kwa wakala mpaka Veronica alipokwenda kufuata dawa zangu. Mwadila, maana nimeifungua mchana. Mpe pole Jenifer, na Precious mwambie sayansi haitaki kukariri, inataka kuangalia.

Mimi naamka kila siku, hiyo ndiyo habari ya afya yangu. Daktari kijana wa hapa aliniambia moyo wangu umechoka kusukuma maji. Nikamwambia moyo hausukumi maji, unasukuma damu, na maji yanajaa miguuni kwa sababu damu haisukumwi sawasawa. Alicheka akaomba radhi. Kisha nikamuuliza nimebakiwa na muda gani. Hapo hakucheka.

Pamba ya mwaka huu imetuangusha. Mvua za masika hazikujua kukoma na vitumba vingi vilioza kabla ya kufunguka. Shamba la Salvatory, jirani yetu, limetoa magunia ambayo hata punda mmoja angebeba. Watu wanauza michembe, viazi vikavu ambavyo walitakiwa wale wenyewe. Parokiani tumezika watu wengi tangu Pasaka, wengi wao watoto wenye malaria.

Kuhusu timu, mwaka huu siendi kwa mtu. Waambie mashabiki wako kwamba bibi miguu imemvimba. Ni kweli, na inawatosha.

Wewe haikutoshi. Umeijaza karatasi mbele na nyuma kwa habari za kipa, kocha, Sayi na Mwanza, halafu mahali pamoja ukaandika "lile tukio". Mwanangu, tukio hilo lilikuwa na jina, na lina mama.

Sengi yako,
Wilhelmina


Dodoma
19 Julai 2024

Kwako Sengi,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Jenifer amenipa mafuta ya kuchulia, yamo kwenye mfuko huu pamoja na sukari isiyo sukari anayotumia mama yake. Precious ameripoti shule. Siku ya kwanza aliandika kwamba maji ya kuoga ni baridi, siku ya pili akaandika kwamba amepata rafiki, tangu hapo hajaandika tena, kwa hiyo tunaamini anaendelea vizuri.

Sikutaka kukuchosha, basi nilimwomba kocha Marcelo aende mwenyewe Ipililo. Alikwenda na gari la chuo, akavaa fulana ya timu. Alinipigia jioni akiwa amechanganyikiwa. Walimpokea vizuri kupita kiasi. Walimchinjia kuku, wakamuuliza habari za barabara na za mvua za kwao Morogoro. Alipomtaja Sayi, baba yake, mzee Mboje, akasema, "Tunasubiri."

"Mnasubiri nini, mzee?"

"Tunasubiri tu, mwalimu. Kula, kuku anapoa."

Akaenda kaya ya pili, akaambiwa hivyo hivyo. Ya tatu, mama mmoja alimjibu akiwa anacheka, "Baba, wewe umekuja na gari zuri. Lakini tunasubiri." Kaya saba, Sengi! Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyetoa.

Kwenye kundi sasa kila mtu ana tafsiri yake. Wako wanaosema wanasubiri bei ipande. Wengine wanataka tumtafute mganga aiangalie timu, eti imefungwa, na wameshamtaja wa Meatu. Maganga ameandika, "Mganga akifungua timu, amfungue na kipa mikono." Tunacheka, lakini ni kicheko cha watu wenye hofu. Tukiingia msimu na wachezaji waliobaki tutafungwa mpaka na chuo cha masista.

Sengi, kama unajua wanachosubiri, niambie tuwape tumalize.

Mwanao,
Constantine


Bariadi
30 Agosti 2024

Mwanangu Constantine,

Nimechelewa kwa sababu nililazwa. Walinitoa maji kwenye mapafu, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi kama gunia tupu. Mafuta ya Jenifer yamefika, Veronica ananichua kila jioni, mwambie wabeja, asante sana. Sukari ile ina ladha ya dawa ya meno, nimempa Salvatory. Habari zimekwisha. Sasa kaa chini.

Marcelo ni mtu wa Morogoro, hawezi kujua wanachosubiri. Wewe umekulia Nyalikungu. Babu yako alikuwa na ng'ombe kwenye kaya za watu wengi, nawe ulitumwa kwenda kuwatazama. Kwa hiyo usiniulize kana kwamba ulizaliwa Dodoma. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakujibu kama ninavyomjibu mwanafunzi.

Mtu akikuwekea ng'ombe wake umfugie, na ng'ombe yule akafa mikononi mwako, hutumi mtu. Unaibeba ngozi mwenyewe, unaipeleka kwa mwenye ng'ombe, unakaa, unasema alikufaje, wapi, na nani alikuwepo. Ukisema kweli, hudaiwi kitu, maana kufa kupo. Usipokwenda, mwenye ng'ombe hakufuati wala hakutukani. Anasubiri. Na wakati yeye anasubiri, hakuna kaya jirani itakayokukabidhi hata mbuzi.

Luhaga nilimpokea mimi. Nilikaa uani kwa mama yake, Nyanjige, mjane, mbele ya shemeji yake Mboje na majirani, nikasema, "Nimempokea." Alipokufa, chuo kilipeleka jeneza, makamu mkuu wa chuo, rambirambi na maneno kwamba kijana alipatwa na kifo cha ghafla uwanjani. Mimi nilibaki kitandani nikisema miguu inauma. Iliuma, lakini wakati ule ilikuwa bado inatembea. Ipililo wamesubiri tangu Aprili, na wataendelea kusubiri wakiwachinjia kuku makocha wenu wote.

Hivi ndivyo alivyokufa, na ninaiandika kwako kwanza ili nizoee kuisema.

Siku ile ya fainali, alfajiri, alikuja mlangoni kwangu akitetemeka. Nilimpeleka chumba cha wagonjwa cha chuo. Wakampima, ikawa malaria, na damu ilikuwa imeshuka sana. Wakasema alale, apelekwe hospitali jioni kama hajapata nafuu. Nikamwambia Marcelo kijana hachezi. Marcelo alikunja uso, lakini alikubali, kwa sababu katika mambo ya afya neno la mwisho lilikuwa langu.

Saa nne ukaja wewe na jezi yako. Ulikaa kwenye kiti hiki hiki cha kamba. Ulisema, "Sengi, watu wamesafiri usiku kucha kutoka Dodoma. Wasipomwona Luhaga watatuelewaje? Mwache aanze hata kipindi kimoja tu." Nikakuambia anaumwa. Ukasema, "Malaria, Sengi? Nani huku hana malaria?" Nami nikacheka.

Sikulaumu kwa kutaka. Shabiki kazi yake ni kutaka. Kazi yangu ilikuwa kukataa, na mimi si mama wa kijijini asiyejua anachokataa. Nimefundisha miaka yangu yote jinsi damu inavyobeba hewa. Nilijua ile iliyobaki ndani yake haitoshi hata kumpandisha ngazi. Lakini nilikuwa nimeipenda timu ile kuliko nilivyojua, na nilitaka kombe lile kabla sijafa. Ndiyo hivyo. Nilitaka kombe.

Nikamwita. Nikamwambia acheze kipindi cha kwanza. Akaniuliza, "Bibi, nikichoka?" Nikamwambia, "Inua mkono, watakutoa." Akasema, "Haya, Bibi." Angekataa vipi? Mimi ndiye niliyempokea.

Sikwenda uwanjani. Nilikaa nyuma ya bweni la wasichana ambako kelele hazifiki vizuri. Nilifikiri kama sioni, halitatokea. Baada ya mapumziko ndipo walipokuja kunifuata, naye alikuwa ameshakufa njiani kwenda hospitali.

Kwa hiyo kuna jambo moja silijui, nawe ulikuwa jukwaani. Aliinua mkono?

Nijibu hilo. Nikipata nguvu za kukaa kwenye gari, nakwenda Ipililo.

Wilhelmina


Dodoma
12 Septemba 2024

Kwako Sengi mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi umetoka hospitali. Huku wazima wote, Precious alikuja likizo fupi, amenenepa. Jenifer anakusalimu sana.

Nimeisoma barua yako. Nimeisoma kazini, nikafunga mlango.

Sengi, nakuomba usiende. Veronica anasema daktari amekukataza safari hata ya kufika sokoni. Barabara ya Ipililo unaijua. Na pia, tufikirie chuo. Kilishatoa taarifa, familia ikazika, watu wakalia, yakaisha. Ukifungua sasa, ikiwa imebaki kama mwezi na nusu dirisha lifungwe, nani atampeleka kijana wake tena? Tunahitaji kumi na mmoja, hatuna hata nusu. Kama ni lazima useme neno, si ungesema tu kwamba alikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua? Hilo nalo halitakuwa uongo mkubwa. Wao wanataka kusikia kutoka kwako, wakisikia watatulia, na Sayi atakuja.

Na kama utakwenda, basi sema la kwako, Sengi. Mimi nina watu wengi nyuma yangu, nina kazi ya serikali. Usitaje majina.

Nitakutumia hela ya dawa kwa Veronica.

Constantine


Bariadi
5 Oktoba 2024

Mwanangu Constantine,

Salamu zako zimefika, na hela imefika, Veronica amenunua dawa. Barua yako ina maneno mengi, ila nililokuuliza hukulijibu. Hivyo nimeshajua jibu. Nisamehe mwandiko, mkono mmoja naushikilia kwa mwingine.

Nilikwenda. Paroko alitoa gari, Salvatory akaendesha, Veronica akanishika kiti cha nyuma kama anayebeba chungu. Tulisimama mara nyingi nipate pumzi. Tulipoingia Ipililo watoto walikimbia mbele kutoa habari, na tulipofika kwa Nyanjige kigoda kilikuwa kimeshawekwa uani. Kimoja tu, Constantine. Wao walikuwa wamekaa chini. Nadhani kigoda kile kilikuwa kikitolewa kila siku tangu Aprili, lakini hiyo ni dhana ya mzee, usiiweke akilini.

Mboje alinisalimia kwa heshima zote. Akauliza mvua ya Bariadi, akauliza pamba, akauliza miguu. Nikajibu yote. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilisema kama nilivyokuandikia. Nilisema kwa Kisukuma, na nikagundua kwamba katika Kisukuma sina neno la kujifichia. Chuoni ningesema upungufu wa damu. Pale nilisema, "Damu yake ilikuwa imeisha, nilijua, nikamwambia akimbie." Nilisema nilitaka kombe. Mzee mmoja nyuma alirudia neno hilo polepole, "Kombe," kama mtu anayeuliza ni mnyama gani.

Nyanjige alikuwa ananitazama mdomoni wakati wote. Nilipomaliza aliniuliza, "Uliposema ainue mkono, aliinua?"

"Sijui, mayu," nikamwita mama. "Sikuwepo uwanjani."

"Hukuwepo?"

"Niliogopa kuona."

Akatikisa kichwa, taratibu. "Nani aliona?"

"Walikuwepo wengi. Yupo mmoja ambaye alijua kwamba kijana anaumwa, na alikuwa jukwaani."

"Ni nani?"

"Atakuja mwenyewe."

Mboje akainuka, akajifuta vumbi kwenye suruali. "Sawa, Bibi. Wewe umefika, tumekusikia, na kwako hatuna neno. Lakini umekuja na nusu. Bado tunasubiri."

Nyanjige aliniletea uji kwenye bakuli. Nikajimwagia kifuani, akachukua khanga yake akanifuta. Nimefutwa na mama wa Luhaga. Nimekuwa mwalimu, nimekuwa mlezi, nimepewa vyeti na hotuba, na katika yote hayo hakuna lililonishinda kama khanga ile.

Sikukutaja. Usinishukuru, sikufanya hivyo kwa ajili ya kazi yako ya serikali. Ngozi haipelekwi na mtu ambaye hakuwepo.

Unaniuliza nani atampeleka kijana wake wakishajua. Huenda hakuna. Hilo sikwenda kulinunua, na ukienda wewe usiende kulinunua. Waambie mashabiki wako timu yao inasubiri nini. Au usiwaambie. Mimi nimemaliza kuagiza watu.

Pumzi ninayoitumia sasa siyo yangu, ni ya mtungi ulio pembeni ya kitanda. Nenda kabla sijafa, si kwa ajili yangu, bali kwa kuwa nikifa utapata kisingizio kizuri cha kutokwenda.

Sengi yako,
Wilhelmina


Dodoma
10 Novemba 2024

Kwako Sengi,

Mwadila. Veronica ameniambia macho yako hayashiki tena maandishi na kwamba atakusomea sikioni. Veronica, mwanangu, soma yote, usiruke kwa kunionea huruma.

Jenifer na Precious wanakusalimu. Jenifer sasa anajua. Nilimwambia juzi, na tangu hapo tunaongea mambo ya chakula na ya shule.

Nilikwenda Ipililo tarehe 26 Oktoba. Nitakuambia kila kitu, pamoja na hili la aibu: nilikwenda na fomu za usajili kwenye begi. Ulinikataza kwenda kununua, nami nilikwenda kununua. Usiku wa kuamkia siku ile nililala nyumba ya wageni Nyalikungu, mtaa niliozaliwa, na nilikuwa nahesabu: nikisema vizuri nitampata Sayi, na nikimpata Sayi wengine watafuata.

Niliweka kigoda mwenyewe, maana safari hii hakikutolewa. Mboje alinitambua. Akasema, "Kumbe ni wewe, mwana wa Nyalikungu." Hakuuliza mvua.

Nikasema mimi ndiye niliyekuomba wewe umruhusu. Nikasema nilijua anaumwa. Nilidhani nimemaliza, nikainama kama mtu anayesubiri kusamehewa. Ndipo Nyanjige akasema, "Sijakuuliza hayo, hayo Bibi ameshayaleta. Nimeuliza mkono."

Sengi, aliinua. Aliinua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya mapumziko, karibu na kibendera cha kona, mbele kabisa ya jukwaa letu. Marcelo alikuwa upande wa pili anabishana na mwamuzi, hakuona. Sisi tuliona. Nilimwona mimi, nilikuwa mstari wa mbele, na nilijua maana yake. Mara ya pili ilikuwa baada ya mapumziko, na kipindi kile hakutakiwa hata kuwepo. Marcelo alimuuliza wakati wa mapumziko, "Unaweza?" naye akatutazama sisi jukwaani. Nilimwonyesha ngumi, hivi, ya kumtia moyo. Akarudi uwanjani.

Nilimweleza Nyanjige hayo. Akaniuliza, "Alipoinua mkono ulifanya nini?"

"Nilipiga kelele, mayu."

"Kumwita kocha?"

"Hapana."

"Ulisema nini?"

Nilijaribu kusema sikumbuki. Mboje akasema, "Unakumbuka."

Nikasema. Nilisema chini, kwa sauti ya kanisani. Nyanjige akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema, "Uwanjani ulisema hivyo hivyo? Kwa sauti hiyo?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi sema kama ulivyosema. Mwanangu alisikia, na mimi nisikie."

Nikasimama katikati ya ua wake, mbele ya majirani zake, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Shusha mkono, mvivu wewe! Kimbia!"

Mbwa wa kaya ya pili wakabweka. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama mmoja akashtuka akaanza kulia, wakamtoa nje. Nyanjige alibaki amekaa, mikono mapajani. Akasema, "Wabeja. Sasa nimejua alikufaje." Akaingia ndani, na sikumwona tena.

Mboje akaniambia, "Tumeacha kusubiri." Nikangoja aendelee. Akasema, "Kijana wa kukupa hayupo. Si mwaka huu." Kisha akasema maneno hayo hayo kwa majirani, ili kila mmoja asikie, nao wakainuka mmoja mmoja wakaenda kwenye kazi zao.

Dirisha limefungwa. Nzagamba haitashiriki. Maganga aliniuliza kwenye kundi, "Mwenyekiti, Ipililo wametufanyia nini?" Nikaandika kila kitu, tangu kiti chako cha kamba mpaka kibendera cha kona, pamoja na nilichopiga kelele. Wengi walikuwa wamekaa nami mstari ule. Mpaka leo kundi lina watu mia mbili na halina neno. Maganga ameondoka kwenye kundi.

Limebaki moja. Wakati natoka, Sayi alinifuata barabarani. Baba yake hakujua. Ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na alikuwa amevaa viatu vya mpira, vile vyenye njumu, kwenye vumbi lile. Alitembea nami mpaka kwenye mbuyu wa mnada, kisha akasema, "Kaka, mimi mwenyewe nataka. Nina umri wangu, naweza kusaini bila mzee. Bado mnahitaji beki?"

Fomu zilikuwa kwenye begi langu, Sengi, na kalamu ilikuwa mfukoni.

Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu. Nafasi zimejaa."

Constantine